Mashine ya Papa Fifi Yapata Mise à Jour

Jumatatu, 3 Oktoba 2005

Mvua tangu asubuhi. Nimening'iniza beseni juu ya ordinateur, kompyuta yangu, chini ya lile tundu la risasi lililobaki kwenye bati tangu vita ya mwaka 2003. Beseni limejaa mara mbili. Mashine kavu. Wiki imeanza vizuri.

Leo nimepata silaha ya kummaliza Donatien. Huyu ni jirani yangu, mwalimu mstaafu, ua wa matete tu ndio unatutenganisha. Anaandikia watu barua kwa mashine ya taipu ya zamani, nyeusi, nzito kama jiwe la kusagia. Mimi naandika kwa ordinateur. Nilipewa na shirika moja la misaada lilipofunga ofisi. Mtaani kwetu Shari, hapa Bunia, hakuna mwingine mwenye ordinateur nyumbani. Hata hivyo watu wanakwenda kwa Donatien! Wanasema mashine yake inapiga kelele, kwa hiyo wanajua kazi inafanyika. Yangu iko kimya. Hawajui kama naandika barua yao au naangalia picha.

Sasa basi. Sokoni nimekutana na muuza vitu kutoka Kampala. Amenionyesha CD. Amesema ndani mna mise à jour, yaani dawa ya kuifanya mashine ya zamani ijue mambo ya leo. Ukiiingiza, mashine inakuwa mpya. Nimeichukua. Nimepita kwa fundi wa vibao, amenichorea kibao: SECRÉTARIAT MODERNE, MISE À JOUR 2005. Rangi bado haijakauka. Nimekitundika hivyo hivyo.

Geneviève, mke wangu, ameuliza mashine inaumwa nini. Nimesema haiumwi. Akauliza kama haiumwi, dawa ya nini. Maswali ya namna hiyo ndiyo yanairudisha nyuma nchi hii.

Niandike na hili. Mdogo wake, Espérance, anakaa kwetu tangu alipokimbia kijiji chao karibu na Nizi na sufuria moja na watoto wawili. Kila alasiri wakimbizi wa kwao wanakuja uani. Anawauliza: wewe ni wa wapi, umepotezana na nani, wapi, lini. Anaandika kwenye ordinateur yangu. Miezi miwili sasa, majina mia tatu na kumi na mawili. Jumapili hii yatasomwa katika uwanja wa kanisa, mbele ya wajumbe wa kambi zote, ili watu waliopotezana wapatane. Baba yao yumo, muzee Marcellin. Hajaonekana tangu 2003. Mbele ya jina lake Espérance ameandika: hajulikani.

Siku ya harusi yangu muzee huyo aliniita mutu wa bure mbele ya kwaya nzima. Hata hivyo namtaja katika sala kila siku. Geneviève huwa anasikiliza kama nimemtaja.

Jumanne, 4 Oktoba

Jaribio la kwanza. Nina batri ya gari na onduleur, kile kidude cha kugeuza umeme wa batri, zinanipa umeme wa saa moja hivi. Nimeingiza CD. Nimebonyeza Suivant, yaani endelea. Mashine imekataa. Imesema tarehe yangu si sahihi. Nimeangalia pale pembeni chini. Imeandika: 1 Januari 1999.

Imesahau miaka sita! Nimerekebisha. Nikatoka kidogo kumwonyesha mpita njia kibao changu. Kurudi, batri imekwisha. Nimeichaji kwa fundi, nimerudi, nimewasha. 1 Januari 1999.

Nikafikiri. Kama mashine inapenda kuchelewa, mimi nitaiwahisha. Nimeandika 2015. Donatien atabaki nyuma yangu miaka kumi. Mashine imesema CD imepitwa na wakati. Haina shukrani. Nimezima kwa hasira, nikawasha tena: 1999.

Geneviève ameniletea ugali na sombe, yaani majani ya muhogo, akasoma pale pembeni. Kisha akasema:

"Mwaka ile baba alikuwa bado iko na ngombe zake. Vita haiyaanza."

Akaniomba nisirekebishe mpaka amalize kula. Akavuta kiti. Tumekula katika mwaka 1999. Sombe ilikuwa tamu sana.

Jumatano, 5 Oktoba

Niandike polepole, kwa mpangilio.

Asubuhi nimeweka tarehe sahihi na sikuizima tena mashine. Nimebonyeza Suivant. Imekubali! Imesonga mbele kidogo, halafu imesimama. Espace insuffisant. Nafasi haitoshi.

Nafasi haitoshi wapi? Nimefungua mashine ndani kwa ndani, folda baada ya folda. Kuna picha zangu themanini na nne nimekaa mezani. Hizo hazifutwi. Kuna nyimbo za kwaya. Kuna video za lile shirika za namna ya kuchimba choo. Halafu nikaiona. Folda moja peke yake, jina lake ESP.

Akili yangu ilifanya kazi kwa haraka. ESP ni espace. Hapa ndipo mashine inapoweka nafasi yake, na mtu ameijaza vitu. Ukiimwaga, nafasi inarudi. Hata mtoto wa darasa la pili angeelewa. Nimeimwaga. Mashine imeuliza kama nina hakika. Nimesema ndiyo. Mashine yenye adabu. Kisha nikamwaga na pipa la takataka, maana mimi ni mtu wa usafi.

Nafasi iliyopatikana: kama punje moja ya mtama. Ajabu. Nikafuta vyoo vyote vya shirika, na hapo nafasi ikawa tele.

Ukabaki umeme. Kazi ni ya saa mbili na zaidi, batri haifiki. Mwenye groupe, yaani jenereta, ni Donatien. Je, naweza kumwambia Donatien anipe umeme wa kumshindia? Nimemwambia tumepata pasi ya umeme, na Geneviève anataka kunyoosha mavazi ya kwaya. Hakuuliza kitu. Amevuta groupe yake, ikanguruma, akanirushia waya juu ya ua. Nilikaribia kumwonea huruma.

Saa kumi na dakika kumi nimeweka tarehe sahihi upya, nikaanza. Skrini imeandika kwa herufi kubwa: usizime ordinateur. Asilimia kumi. Ishirini. Thelathini na saba. Nimeimba. Nimetoka mlangoni kuangalia kibao. Hamsini. Sitini na moja.

Kisha skrini ikawa nyeusi, na kwa Donatien kukawa kimya.

Nimetoka mbio. Geneviève alikuwa nje, karibu na ua, ananyoosha mavazi ya kwaya kwa pasi ya makaa. Kama anavyofanya kila wiki. Donatien alimwona. Alifikiri pasi ya umeme imetushinda, akazima groupe asipoteze mafuta. Amenisalimia vizuri kabisa juu ya ua. Amesema pole ya pasi.

Alhamisi, 6 Oktoba

Nimewasha kwa batri. Inawaka, inaonyesha alama yake, inafikiri, inazima. Inawaka, inafikiri, inazima. Kama mtu anayefika mlangoni na kukumbuka amesahau kofia. Nimehesabu mara kumi na nne.

Dawa nilizojaribu: kutoa CD. Kurudisha CD. Kuondoa kipanya. Kuondoa printa. Kufungua ubavu wa mashine na kupuliza vumbi. Kuigonga kidogo kama unavyogonga mgongo wa mtoto aliyekabwa. Kuiachia ipumzike. Imepumzika vizuri, ikaendelea pale pale.

Saa nane Espérance amekuja na majina saba mapya, ya watu waliovuka ziwa juzi. Nimesikia miguu yake. Nimeifunika mashine kwa kitambaa cha meza, nikasimama mbele. Ameniuliza kuna nini. Nilitafuta jambo la kitaalamu.

Nimesema ina virusi.

Sikumdanganya sana. Ordinateur hupata virusi, hilo linajulikana. Ila mlango ulikuwa wazi, na nje walikuwepo watu watatu waliokuja kuandikiwa barua. Saa tisa Geneviève amehamisha sahani zote kutoka chumba hicho. Saa kumi mama mmoja wa nyumba ya tatu amechemsha maji ya watoto wake. Donatien ameniuliza juu ya ua kama ugonjwa huo unapita kwa pumzi au kwa kugusana. Wateja wangu wamekwenda kwake. Nimewaona wakipita mbele ya kibao changu wameziba pua.

Espérance hajaziba pua. Amesimama muda mrefu akiangalia kitambaa cha meza. Ameniuliza kama majina ni mazima. Nimesema majina ni mazima kabisa, ni mwili tu unaumwa. Nilipokuwa nasema hivyo nilivuta kitambaa kifunike na waya.

Ijumaa, 7 Oktoba

Espérance amemwita muuguzi.

Nimeona mwanamke anaingia uani na mfuko wa dawa, nikajua mambo yameniharibikia. Ni Mama Charlotte, anayetibu wakimbizi nyuma ya soko. Zamani alikuwa hospitali ya Nyankunde, kabla vita haijawafukuza watu huko. Ameuliza mgonjwa yuko wapi. Espérance amemwonyesha meza. Mama Charlotte amefunua kitambaa, ametazama, kisha amecheka mpaka akakaa chini. Kumbe huko Nyankunde yeye ndiye aliyekuwa akitunza faili za wagonjwa, kwenye ordinateur. Bahati yangu! Bunia nzima, Espérance amemchagua huyo.

Amewasha. Ameangalia mashine ikifika mlangoni na kurudi. Akauliza:

"Nani alizima katikati ya mise à jour?"

Nimesema umeme. Amesema umeme hauna mikono. Nimemweleza kuhusu pasi. Geneviève alikuwa nyuma yangu, amesikia yote.

Sasa niandike alichofanya, maana nilitazama kwa makini na nadhani nimekielewa chote. Alipowasha alibonyeza kitufe fulani mapema sana, kabla ya alama. Mashine ikamuuliza iamke namna gani. Amechagua njia ya tahadhari, ile ya kuamka nusu nusu, bila vitu vingi. Ikaamka! Picha kubwa mbaya, lakini imeamka. Amesema mise à jour iliyokatika katikati ni kama mtu aliyevaa suruali mguu mmoja, hawezi kwenda mbele, lazima kwanza aivue. Ameirudisha mashine ilivyokuwa Jumanne. Imezima, imewaka, imekaa. Nimepiga makofi. Nimepiga peke yangu.

Tarehe: 1 Januari 1999. Amefungua ubavu, akachomoa kidude cha mviringo kama sarafu. Batri ndogo, imekufa. Ndiyo inayokumbuka saa mashine ikiwa imezimwa. Muuza saa za mkono wa sokoni anazo. Ni hilo tu lililonisumbua Jumanne nzima.

Kisha Espérance ameinama akasema:

"Fungua ESP."

Mama Charlotte amefungua. Tupu.

Nimeanza kueleza habari ya espace. Nimeeleza vizuri, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili. Halafu nikasikia sauti yangu mwenyewe chumbani, nikanyamaza.

"Shemeki," Espérance amesema, "ile ilikuwa jina yangu."

ESP. Espérance.

Mama Charlotte ametafuta ndani ya pipa. Tupu, kwa sababu mimi ni mtu wa usafi. Ameuliza nakala iko wapi. Hakuna nakala. Ametusimulia, bila kuniangalia. Walipokimbia Nyankunde kwa miguu mpaka Oicha, siku nyingi porini, yeye alifunga disketi tatu ndani ya kitenge. Watu walimwambia atupe, abebe chakula. Mbili ziliharibika kwa mvua. Ya tatu ilisomeka, na kwa hiyo moja walijua nani anatumia dawa gani.

Akaniambia: "Nakala kwanza, Papa Fifi. Halafu umeme. Halafu nafasi. Halafu saa. Ukimaliza yote ine, njo unabonyeza."

Nimesema ndiyo mama.

Espérance hakulia. Amekwenda kunawa uso, amerudi na daftari la mtoto wake, amekaa kizingitini. Ameanza kusema majina kwa sauti. Jina, kijiji, mara ya mwisho alionekana wapi. Nimechukua kalamu nikakaa chini yake na kuandika. Amefika mia moja na arobaini bila kusimama. Alikuwa amefunga macho. Amesema kila jina analikumbuka kwa sura ya aliyemletea.

Mwandiko wangu ni mbaya. Leo nimeandika kama mtu anayechora kwa ajili ya askofu.

Jumamosi, 8 Oktoba

Habari imeenea tangu jana: anayetaka mtu wake awe kwenye orodha aje tena kwa Papa Fifi, ugonjwa umekwisha. Saa moja asubuhi uani kulikuwa kumejaa. Walikuja na viti vyao. Walikuja na mihogo ya kuchemsha. Kwaya imekuja kuchukua mavazi ikabaki.

Kalamu yangu ilishindwa mapema. Watu wanne wanasema kwa pamoja, daftari limejaa, Jumapili ni kesho. Ordinateur? Batri ndogo haijapatikana, batri kubwa imekwisha kwa kazi ya jana, na Espérance amesema hakuna mtu atakayegusa ile kitu mbele yake. Hapo nikasikia matete yanavunjika. Donatien. Amepitia katikati ya ua, kichwa mbele, na ile mashine yake nyeusi kifuani kama mama mwenye mapacha.

Ameiweka juu ya meza yangu. Chini ya kibao changu!

Ametia karatasi tatu na karatasi za kaboni katikati, nakala tatu kwa mpigo mmoja. Mama Charlotte, aliyekuja kuangalia, ametikisa kichwa kwa furaha. Donatien amepiga taipu mpaka saa nane. Tak, tak, tak, Shari nzima ilisikia. Mimi nimepewa kazi ya kupika chai.

Nilipompelekea kikombe ameniambia polepole, wengine wasisikie: "Ungesema tu kweli, Papa Fifi. Ningeiacha inawaka mpaka asubuhi." Nimemwongezea sukari.

Na mambo yametokea. Watu wawili waliokuwa wakitafutana tangu mwezi wa tatu walikuwa wamekaa benchi moja, mmoja amempa mwenzake mgongo. Jina liliposomwa wamegeuka. Baba mwingine, jina lake Kule, fundi seremala, amesikia mtu akimtaja kati ya waliokufa. Amekataa kabisa. Amesimama juu ya kiti ili aonekane vizuri. Tumecheka mpaka chai ikamwagika. Kwenye orodha ya kwanza asingejua, kwa sababu hakuwahi kuja. Leo amekuja kwa ajili ya mihogo.

Saa saba hivi ameingia mwanamke nisiyemjua, na mzigo kichwani. Jina lake Véronique. Amefika juzi kwa malori ya msafara kutoka Komanda. Alisikia taipu barabarani, akadhani wanaandikisha watu wa kupewa mahema. Amekaa asikilize. Espérance alikuwa amefika kwenye jina la baba yake. Alilisema kama mengine: Marcellin, hajulikani.

Véronique ameshusha mzigo. Akauliza:

"Marcellin gani? Ule muzee wa kuimba sauti ya chini, anagombana na batu wote?"

Geneviève alikuwa ameshika beseni la vyombo. Amesema ndiyo, kwa sauti ndogo sana.

"Iko Komanda. Analinda magunia kwa muchuuzi moja. Juzi tu alinitukana. Alisema nafunga muzigo kama mutu wa bure."

Beseni limeanguka. Geneviève amecheka, amelia, akacheka tena. Espérance ameficha uso kwenye bega la dada yake. Nani mwingine duniani angesema hivyo? Ni yeye! Kwaya imeanza kuimba bila kuambiwa. Donatien ameacha kupiga, ameondoa miwani. Kisha ameirudisha, ametafuta mstari wa muzee Marcellin, na juu ya neno hajulikani amepiga x, moja moja, polepole, mpaka limefunikwa lote. Pembeni ameandika Komanda.

Mimi nilikuwa na birika mkononi. Nimesimama nalo mpaka likapoa.

Jumapili, 9 Oktoba

Majina mia tatu na arobaini na moja yamesomwa katika uwanja wa kanisa. Espérance amesoma mwenyewe. Mara sita mtu amepiga kelele katikati ya watu na kusoma kumesimama. Mara sita! Wengine wengi hawakupiga kelele, wamekwenda nyumbani na majina yao. Nakala ya pili imechukuliwa na wajumbe wa kambi. Ya tatu Mama Charlotte ameifunga kwenye plastiki.

Mtu wa lori la kesho ameahidi kumbeba muzee akirudi.

Kanisani wamemshukuru Espérance. Wamemshukuru Mama Charlotte. Wamemshukuru mwalimu Donatien, amesimama, amepigiwa vigelegele. Mimi nimengoja. Wamepita kwenye matangazo ya ndoa.

Nimetembea kurudi nyumbani nikifikiri, na nimepata hesabu ambayo hawakuiona. Kama nisingemwaga ESP, majina yasingesemwa upya. Yasingesemwa upya, uani kusingekuwa na watu. Bila watu, Donatien asingepiga taipu. Bila taipu, Véronique asingeingia. Kwa hiyo ni nani aliyempata muzee Marcellin? Nimemweleza Geneviève hesabu hii hatua kwa hatua. Ameniambia nilale.

Alhamisi, 13 Oktoba

Amefika! Saa tisa, juu ya magunia ya chumvi, amekonda, kofia ile ile. Ameshuka mwenyewe, amekataa mkono wa dereva. Geneviève amekimbia peku mpaka barabarani. Espérance alifika kwanza. Muzee amewashika mabinti wote wawili kichwani, mkono huku na mkono huku. Tumengoja hapo barabarani mpaka lori likatuomba njia.

Nyumbani amekaa. Amekula sombe sahani tatu. Amewalaumu juu ya chumvi. Kisha amesema amesikia njiani habari ya mtu aliyeharibu mashine, akataka kumjua. Donatien, aliyekuja kusalimia, alikohoa na kuniangalia.

Muzee amenitazama kutoka viatu mpaka kichwa.

"Huyu? Basi Mungu anatumia batu wa namna yote."

Akaninyooshea mkono. Nimeushika kwa mikono miwili. Hakuurudisha haraka. Tangu harusi hilo ndilo neno zuri alilowahi kunipa. Nimeliandika hapa lisipotee.

Jioni alikuwa akieleza habari ya magunia, akalala katikati ya neno, ameshika kidole cha Geneviève. Hakuna aliyethubutu kuinuka.

Jumapili, 16 Oktoba

Amani nyumbani. Batri ndogo imewekwa, ordinateur inajua leo ni lini. Amri nne za Mama Charlotte zimebandikwa ukutani kwa mwandiko wa Espérance. Kila jioni anatoa nakala mbili kwenye disketi, moja anaivaa shingoni. Nimezisoma amri zote. Nakubaliana nazo zote. Zinahusu ordinateur, na mimi ordinateur siigusi tena.

Lakini nimegundua jambo. Muzee amekuja na simu. Alipewa na yule mchuuzi wa Komanda, na ndani yake mna namba za watu wote aliokaa nao huko, hajaziandika mahali pengine popote. Anaipenda sana, anaifuta kwa shati. Ila ni nzito. Unaiwasha, inatafuta réseau, yaani mtandao, dakika nzima. Tatizo hilo nalijua. Ni simu ambayo haijapata mise à jour.

Muzee amelala kitini baada ya misa. Mabinti wako kwa Donatien, wanasaidia kusimamisha ua. Nikimfanyia kazi hii kimya kimya, akiamka aikute simu nyepesi kama mpya, nadhani kile alichosema Alhamisi atakiongeza kidogo. CD haiingii, nimepima. Kwa hiyo lazima kupitia nyuma. Nimetumia kisu kidogo cha jikoni. Skrubu nne zimetoka bila taabu, na kipande kimoja cha njano ambacho sikukitegemea.

Nimeiwasha hivyo hivyo, nikachagua palipoandikwa kufuta yote na kuanza upya. Simu imeniuliza kama nina hakika. Nimebonyeza ndiyo.